Ramani za Bandari Zilizokuwa Chini ya Nyumba

Kuna harufu moja ya karatasi kuukuu ambayo mpaka leo siiwezi. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wa fremu pale Annandale picha ya harusi ya binamu yangu, na wakati namngoja atafute mbao za kipimo chake, nikaona juu ya meza ya kazi ramani kubwa ya bahari, ya zamani sana, rangi yake imekuwa kama ya chai ya maziwa. Ilikuwa ramani ya bandari. Kisiwani palichorwa ngome iliyochongoka pembe zote kama nyota, na maji yote yalijaa tarakimu ndogondogo. Fundi aliiinua kuisogeza kando, harufu yake ikanifikia, nami nikahisi dari ya duka inashuka. Nilimwambia nimesahau kitu garini. Nikaenda kusimama kwenye maegesho, katikati ya magari ya watu, mikono kiunoni kama mtu aliyetoka mbio ndefu, nikavuta hewa mpaka moyo ukatulia.

Wenzangu mliolelewa na mama wanaofanya kazi za kulala kwa watu mtanielewa upesi. Wengine niwasimulie.

Nilikuwa katika umri ule ambao meno ya mbele yameshaota upya lakini bado ni makubwa kuliko uso. Mama na mimi tulikuwa tumetoka Kitale, tukafikia Falls Church, Marekani, kwa binamu yake, Anti Metrine, katika nyumba ya ghorofa karibu na Route 7 ambako kila jiko lilinukia chakula cha nchi nyingine. Nilisoma muhula mmoja huko. Kisha shule zikafungwa kwa likizo ndefu ya joto, na Anti Metrine akapata kazi Texas, akarudisha funguo za nyumba. Mama alikuwa ameajiriwa na ejensi ya kutunza wazee, nao wakampeleka Annandale akae na mzee mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Kazi ya kulala hukohuko. Angepewa chumba na chakula na kila kitu, lakini mtoto haruhusiwi.

Kwa hiyo mama alinipitisha mlango wa nyuma asubuhi, Mzee akiwa bado usingizini, akanishusha ngazi za mbao hadi besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Viatu nilikuwa nimevivulia nje kwenye nyasi. Alipuliza godoro la hewa, akaliweka nyuma ya tanuri ya kupashia nyumba joto, kisha akapiga magoti mbele yangu akanishika mashavu.

"Hapa ndio kwetu kwa sasa, sawa? Usikimbie. Usiimbe. Mtu akigonga, wewe hauko. Na choo, kama kuna mgeni huko juu, usivute maji."

"Kwani tumefanya nini?"

"Hatujafanya kitu."

"Sasa mbona tunajificha?"

"Nekesa, tafadhali." Alitazama dari. "Ni mpaka shule zifunguliwe tu. Nitakuwa nimetafuta mahali."

Ile besimenti ilikuwa pana, sakafu yake saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, baridi hata jua la Julai likiwaka. Kulikuwa na dirisha moja tu, refu na jembamba, juu kabisa karibu na dari, na nje yake ukuta wa bati ulioshikilia udongo. Nikipanda kiti niliona majani, kipande cha barabara, na miguu ya watu. Nilimjua mpeleka barua kwa soksi zake. Kulikuwa na mtoto wa jirani mwenye baiskeli ya zambarau. Siku moja alisimama karibu kabisa kufunga kamba ya kiatu, uso wake ukawa usawa wa wangu. Nilitamani anione kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Kisha nikaogopa, nikajitupa chini ya dirisha, nikabaki nimelala sakafuni mpaka nikasikia baiskeli ikiondoka. Siku hiyohiyo nilijaribu kulifungua lile dirisha. Lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi, likashikamana na fremu yake kama kidonda kilichopona vibaya.

Sauti za juu zilinifikia kupitia matundu ya hewa yaliyokuwa kwenye dari. Mzee alikuwa na kengele ya shaba. Akiipiga, miguu ya mama ingekimbia juu ya kichwa changu kutoka jikoni hadi chumbani kwake, halafu kimya, halafu ingerudi polepole. Mara nyingine mama alikuwa ameshuka kunisuka nywele, ameshika kitana, na kengele ikalia, naye akainuka akaniacha na nusu ya kichwa imesukwa. Niliichukia ile kengele. Nilimchukia na mwenye mkono wa kuipiga, ingawa sikuwa nimemwona.

Binti yake, Ellen, alikuja mara kwa mara kumjulia hali. Siku hizo zilikuwa mbaya zaidi. Visigino vyake viligonga sakafu kote juu, na mimi nilikaa nyuma ya tanuri, magoti kifuani, nikizuia kikohozi. Vumbi la mle ndani lilikuwa limenipa kikohozi kisichoisha. Na kila Ellen alipokuja, Mzee aliiwasha televisheni kwa sauti ya juu kupita kiasi, mechi za besiboli, mpaka vioo vya dirisha langu vikatetemeka. Nilimsikia Ellen akipaza sauti, "Baba, punguza basi!" naye hapunguzi. Nilidhani ni ukorofi tu.

Nilizigundua zile ramani nikitafuta kalamu. Kwenye ukuta wa mbali palikuwa na kabati la mbao, fupi lakini pana kama kitanda, lenye droo nyembamba nyingi. Nilivuta moja nikadhani nitakuta visu na vijiko. Harufu ikanipanda puani kabla sijaona kitu. Halafu nikaona karatasi, kubwa kuliko mimi, nzito kama kitambaa, zimelazwa moja juu ya nyingine, na katikati ya kila mbili karatasi laini nyeupe. Nikasoma majina kwa taabu: Boston. Charleston. Savannah. Baltimore.

Zilikuwa ramani, lakini hazikufanana na ramani za shule. Shuleni nchi kavu imejaa vitu na bahari ni buluu tupu. Katika hizi nchi kavu ilikuwa tupu, nyeupe, na upande wa pili ulijaa namba, namba, namba, kama siafu. Marekani nilikuwa nimeona kila nyumba ina namba mlangoni. Basi nikaamua zile ni nyumba, na ule weupe ndio maji. Nikakaa saa nyingi nikitembea kwa kidole mitaani, nikichagua nyumba tutakayohamia mama na mimi. Nilipenda namba kubwa. Nilidhani nyumba zake ni kubwa.

Kisha nikaanza kuona nyota. Karibu kila ramani ilikuwa nayo, mahali penyewe ambapo njia inakuwa nyembamba. Pembeni pake paliandikwa neno ambalo nililijua, Fort, maana Kitale tulikuwa tumefundishwa habari za Fort Jesus, na mwalimu wetu, mtu wa kupenda mambo ya kutisha, hakutuambia sana habari za Wareno. Alitusimulia jinsi Waingereza walivyoigeuza jela, na minyororo, na watu waliofungwa humo. Akilini mwangu fort maana yake ilikuwa jela, basi. Na hapa kila mji wa Marekani ulikuwa na jela mlangoni! Kutoka kwenye jela zile ilitoka mistari ya vitone iliyopinda ikavuka njia yote, na penye mistari paliandikwa mambo ya mizinga. Nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Mtu akishaingia, mizinga inamwangalia asitoke.

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilinijia kwa mpangilio wa kutisha. Mwenye ramani hizi alikuwa yule Mzee wa juu. Alikuwa na ramani za jela zote. Alikuwa na kengele. Mama yangu alikimbia kila ikilia, na hakuwahi kutoka nyumba ile ila kwa kwenda duka la dawa, na hata hapo alirudi mbio. Mimi nilikuwa nimefungiwa chini. Nani mwingine angekuwa ila mkuu wa magereza?

Mama aliposhuka na chapati zangu zilizofungwa kwenye foili, nikamnong'oneza, "Mum, huyu Mzee alikuwa askari jela?"

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Ndipo nilipojua sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda. "Nani amekudanganya? Alikuwa mwalimu. Alikuwa anafundisha jiografia hapo chuoni."

"Kwa nini hakuachi utoke?"

Akaacha kucheka. Alifungua mdomo anijibu, na kengele ikalia.

Sikumwamini. Mwalimu niliyemjua mimi ndiye aliyekaa na ufunguo wa geti.

Sasa, siku ya mvua. Mchana ule kulikuwa na joto la kunata, na mama alikuwa amekwenda duka la dawa kule Little River Turnpike. Alikuwa amemwacha Mzee kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya dirisha la sebuleni, kama kawaida. Mimi nilikuwa nimelala kwenye godoro. Mwanga wa dirisha langu ukageuka kijani, halafu ukawa kama jioni, ingawa hata saa ya chakula cha mchana haikuwa imepita sana. Upepo uliokuja sikuwahi kuusikia kabla. Kitu kizito kilianguka mtaani, ardhi ikatikisika, na kila kilichokuwa kikinguruma ndani ya nyumba kikanyamaza kwa pamoja: friji ya juu, feni, na ile pampu ndogo iliyokaa kwenye shimo la kona ikinyonya maji ya ardhini. Umeme ulikuwa umekatika. Sikujua pampu ile ni ya nini mpaka ilipozimika.

Mvua ikateremka. Shimo la ukuta wa bati nje ya dirisha langu lilijaa kama karai, maji yakaanza kupenya kwenye fremu ileile iliyokataa kunifungukia. Na kwenye kona, lile shimo la pampu likacheua. Maji meusi yalitambaa sakafuni bila haraka, yakafika kwenye godoro, nalo likaanza kuelea.

Nilikumbuka nilivyoagizwa. Usikimbie, usiimbe, wewe hauko. Nilipanda ngazi ya kwanza nikakaa. Maji yakaja. Nikapanda ya pili. Nilikuwa nalia kwa namna niliyokuwa nimejifunza, mdomo wazi bila sauti. Nikatazama lile kabati la droo, nikaona maji yameshalifikia miguu, na jambo la ajabu, niliwaonea huruma wote waliokuwa ndani ya zile namba. Nyumba zao zote zingezama.

Nikapanda ngazi zote nikasukuma mlango.

Sebule ilikuwa na giza la mvua. Kando ya dirisha kulikuwa na mtu mdogo kuliko nilivyotarajia, shingo nyembamba, nywele nyeupe zimesimama kama za kifaranga. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Aligeuza kichwa akanitazama. Soksi zangu zilikuwa zinachuruzika.

"Maji," nikasema kwa Kiingereza changu cha Kitale. "Maji yanaingia kwenye jela zako."

Alikunja uso. "Kwenye nini zangu?"

"Zile ramani."

Hakuniuliza mimi ni nani. Hilo sikulitambua wakati ule. Alishika gurudumu kwa mkono wake mmoja mzima akalisukuma, kiti kikazunguka mahali pamoja kama mbwa anayejifukuza mkia, akatoa neno ambalo sikuruhusiwa kulisema. "Njoo unisukume," akasema. "Mpaka mlango wa besimenti. Halafu funga breki, hiyo hapo, ikanyage. Kwenye droo ya jikoni, karibu na jiko, kuna tochi."

Nikamsukuma. Nilikuwa nimeona kwamba hawezi hata kujiendesha kuvuka zulia lake mwenyewe, na nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa.

"Sikiliza," akasema tulipofika juu ya ngazi. "Unaona tundu la umeme pale ukutani? Maji yakikaribia hapo, unapanda, hata kama umeshika nini. Anza na droo za chini. Usizikunje. Zilaze juu ya mikono yote miwili kama unabeba mtoto."

Nilishuka. Maji yalinifika juu ya vifundo vya miguu, baridi mno. Droo ya pili kutoka chini ilifunguka kwa kulalamika. Nikalaza karatasi mikononi, nikapanda nazo kwa kuhisi ngazi kwa vidole, tochi nimeibana kwapani. Mzee alizipokea kwa ule mkono mmoja, akazitandaza mapajani, na kila alipopokea alitaja jina kwa sauti, kama mtu anayepokea wageni mlangoni. "Portsmouth. Vizuri. Newport, hii tuliipata na mke wangu kule kwenye duka la samani, mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Charleston. Polepole, mwanangu, polepole." Nilizipeleka nyingine kitandani kwake, nyingine mezani, nyingine juu ya taulo za mama sakafuni, mpaka sebule yote ikawa bandari.

Droo ya chini kabisa ilikuwa imevimba. Nilivuta haikuja. Nikakanyaga kabati, nikavuta kwa mgongo wote. Maji yalikuwa yamefika magotini.

"Achana nayo!" Mzee aliita.

"Inakuja!"

"Nimesema achana nayo. Panda."

"Kuna zingine ndani! Ni ngapi zimo?"

"Panda sasa hivi!" Sauti yake ilipasuka. Nilipogeuka nikamwona ameinamia shimo la ngazi, ameachia karatasi zote, mkono wake mmoja ameunyoosha gizani kuelekea kwangu, na magurudumu ya mbele ya kiti yamefika ukingoni. Nilipanda. Alinishika fulana akanivuta mpaka nikaangukia magotini pake, na hakuniachia kwa muda mrefu.

Baadaye, nikiwa nimemrudisha sebuleni na kujifunika shuka lake, tukikaa kati ya zile bandari tukisikiliza mvua ikipungua, akaniuliza nilimaanisha nini niliposema jela. Nikamweleza yote. Nyumba zenye namba. Jela kwenye kila mlango. Mizinga inayowaangalia wanaotaka kutoka. Alisikiliza bila kucheka, ila pembe moja ya mdomo, ile nzima, ilipanda kidogo.

"Hizo namba ni kina cha maji," akasema. "Watu walikwenda na mashua ndogo, wakateremsha kamba yenye kipande cha madini ya risasi mwishoni mpaka ikagusa chini, wakaandika. Halafu wakasogea kidogo, wakateremsha tena. Na mizinga inatazama nje. Ilikuwa ya kuzuia meli za adui zisiingie."

"Na walio ndani?"

Alifikiri. "Walio ndani hakuna aliyewaza habari zao sana."

"Ulikuwa na meli?"

"Mimi? Mimi natapika hata kwenye kivuko." Kisha, bila kunitazama, akasema, "Kikohozi chako kimekuwaje? Wiki iliyopita kilikuwa kibaya."

Nikaziba mdomo kwa shuka.

"Matundu ya hewa yanapitisha sauti pande zote mbili," akasema. "Nimekusikia tangu ulipokuja. Ndiyo maana nikiona gari la Ellen nawasha besiboli. Hata siipendi besiboli."

"Mbona hukumwambia?"

"Angemwondoa mama yako. Na mama yako akiondoka, mimi wananipeleka kwenye nyumba ya wazee." Alilainisha ukingo wa ramani kwa kidole gumba, tena na tena. "Nilipaswa kumwambia mama yako kwamba najua, upande hapa ule mezani na watu. Niliogopa. Nilidhani nikifungua mdomo tu, kila kitu kitaanguka."

Mama alirudi kwa miguu, mabasi yalikuwa yamesimama. Alifungua mlango, amelowa mpaka mifupa, akaniona nimekaa miguuni pa Mzee nimefunikwa shuka la Mzee. Mfuko wa dawa ukamtoka mkononi.

"Nekesa! Umefanya nini? Si nilikuambia—" Kisha akageukia Kiingereza na kuanza kuomba msamaha, mikono imeshikana kifuani, maneno yakimwagika: hana mahali, ni kwa muda tu, asimwambie Ellen, asiwaambie ejensi, tutaondoka leo akitaka.

"Beatrice," Mzee akasema. "Mtoto anatetemeka. Mtafutie soksi."

Mama alisimama tu. Halafu akateleza polepole ukutani mpaka akakaa sakafuni, katikati ya Savannah na Baltimore, akalia kwa sauti. Kwa sauti kabisa, kama watu wa kwetu wanavyolia.

Ellen alifika kesho yake, miti ilipoondolewa barabarani. Hatukujificha. Alitukuta jikoni sisi wote watatu tunakunywa chai, akatazama kikombe changu, akashuka besimenti, akapanda na uso mweupe. Alikuwa ameliona godoro.

"Umemficha mtoto kule chini?" akamwambia mama. "Majira yote ya joto? Angekufa maji pale, unaelewa? Angekufa, na hakuna mtu angejua kwamba yupo."

Sikuwahi kumsikia mama akijibizana na Mmarekani. Aliweka kikombe chini. "Naelewa," akasema. "Usiku wote nimekuwa nikielewa. Lakini niambie wewe, ningemweka wapi?"

Ellen aligeuza macho kwenye mlango wa besimenti.

"Nilijua," Mzee akasema.

"Ulijua nini, Baba?"

"Kwamba yupo. Ningekuambia, ungenihamisha."

Ellen alikaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Alionekana amechoka sana, amechoka kama mama, nikashangaa kwamba inawezekana. Alimtazama baba yake, akatazama zile karatasi zilizolala kila mahali zikikauka, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono kama mtoto. "Chumba changu cha zamani kina kitanda," akasema mwishowe. "Alale pale. Ejensi nitaongea nao mimi. Sijui nitawaambia nini."

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Ejensi walimtoa mama kwenye kazi ile, Ellen akamwajiri yeye mwenyewe, na majira ya baridi yalipokwisha Mzee alipelekwa kulekule alikokuogopa. Droo ya chini ilipofunguliwa ilikuwa uji mtupu. Zile nyingine sijui zilikwenda kwa nani. Mama na mimi tulihamia chumba cha kupanga Landover, kisha kingine, na mpaka leo siwezi kulala chumba ambacho dirisha lake halifunguki.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na Jumamosi moja, wiki ile ile ya mvua. Mama alifungua mlango wa mbele, ule ambao sikuwahi kuupitia, akasema, "Haya. Mpeleke Mzee akaote jua." Mteremko wa mbao wa kupitishia kiti ulikuwa umejengwa zamani lakini Mzee alikuwa ameukataa, hakutaka majirani wamwone alivyopinda. Siku hiyo hakuukataa. Mama alitusaidia kushuka, kisha akakaa kwenye ngazi za mbele akitutazama.

Nilisukuma mpaka pale saruji ya nyumba inapokutana na barabara, nikasimama. Sikuwa nimekanyaga nje tangu asubuhi ile niliyovua viatu kwenye nyasi, na mwanga ulikuwa mwingi mno.

"Vipi?" Mzee akauliza.

"Tunaruhusiwa kufika mpaka wapi?"

Alitazama mtaa upande huu, akatazama upande ule. Matawi yaliyovunjika yalikuwa yamerundikwa kando, na mahali fulani mtu alikuwa anakata nyasi.

"Sijui," akasema. "Nami sijafika popote tangu niugue."

Basi tukaenda. Niliegemea kiti kwa uzito wangu wote, nacho kilikuwa kizito, kikivuta upande mmoja. Tulipofika kwenye kona nikageuka nyuma. Mama alikuwa bado kwenye zile ngazi, kichwa amekiegemeza kwenye nguzo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, viatu amevivua. Alikuwa amelala, mchana kweupe, nje, mbele ya watu wote.

"Tumwamshe?" nikauliza.

"Mwache," Mzee akasema.

Nikageuza kiti, tukapinda kona, tukaendelea mbele mpaka nyumba ikapotea machoni, na hakuna aliyetuita.